Gurudumu la Nyuma Lililoyumba

Pikipiki ina magurudumu mawili tu. Gurudumu moja la gari likilegea, yapo mengine matatu ya kulibeba gari; pikipiki haina msaada huo. Kwa sababu hiyo gurudumu la nyuma likianza kuyumba, dereva hulihisi kiunoni mara moja, kana kwamba mtu amekishika kiti kwa nyuma na kukitikisa huku na huku. Hapo watu wengi hulilaumu tairi. Tairi ndilo linaloonekana, ndilo linalogusa barabara, na ndilo linalouzwa katika kila duka la vipuri. Lakini tairi halisimami peke yake. Limeshikwa na rimu. Rimu imeshikwa na spoki. Spoki zimefungwa katika kitovu cha gurudumu. Kitovu huzunguka juu ya beringi. Beringi zimekaa juu ya ekseli. Ekseli imeshikwa na uma wa nyuma, na uma umefungwa katika fremu. Mahali popote palipolegea katika mlolongo huo, tairi ndilo litakalocheza, kwa maana liko mwisho kabisa.

Muheza ni mji mdogo katika Mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, nao wajulikana sana kwa machungwa yake. Kutoka hapo barabara hupanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani, penye chai, iliki na mdalasini. Barabara hiyo ina mawe na kona kali, na mahali pengi upande wake mmoja ni bonde.

Palikuwa na kijana mmoja katika mji huo aliyepata riziki yake kwa kuchukua abiria na mizigo kwa pikipiki. Pikipiki yake ilianza kuyumba nyuma. Kwa muda wa miezi minne alikuwa amekwisha kubadilisha beringi mara mbili, kwa mafundi wa njiani, na kila mara yumbo lilitulia siku chache, kisha likarudi. Wenzake wakamwambia, "Hayo si beringi tena. Nunua tairi." Naye hakuwa na nafasi ya kungoja, kwa kuwa kesho yake asubuhi ilimpasa kupanda mlimani kumchukua dada yake mjamzito. Dada huyo alikuwa amebakiza majuma matatu kujifungua, na jamaa zake walitaka akae mjini, karibu na hospitali.

Basi, saa nane mchana kijana akaenda kwa fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi chini ya mwembe nje ya nyumba yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za safari?"

"Njema, lakini pikipiki hii yanitia hofu. Yayumba nyuma. Fedha ya tairi jipya ninayo hapa."

"Fedha yako irudishe mfukoni kwanza," akasema fundi. "Niambie, yumbo hilo walisikia mikononi au kitini?"

Kijana akafikiri kidogo, kisha akajibu, "Kitini. Mikono imetulia."

Swali hilo laonekana dogo, lakini huokoa kazi ya saa nzima. Kasoro ya gurudumu la mbele au ya shingo ya usukani husikika zaidi mikononi. Ya nyuma husikika kiunoni. Wako madereva waliobadilisha kila kitu cha nyuma, na ugonjwa uko mbele. Tena mzigo mzito ukifungwa mbali sana nyuma ya ekseli, uzito huondoka katika gurudumu la mbele, na usukani huanza kucheza hata kama pikipiki ni nzima.

Fundi akauliza tena, "Je, yaruka kwa hesabu, kila gurudumu lizungukapo mara moja? Au yayumba ovyo?"

"Haina hesabu. Nikikata kona nyuma hubaki kidogo, halafu hufuata. Nikibeba mtu huzidi."

Yumbo lenye hesabu hutoka katika umbo la kitu: tairi lililovimba mahali pamoja, au rimu iliyopinda. Sehemu ile mbovu ikifika chini, dereva hutikiswa, ikipita, hutulia. Yumbo lisilo na hesabu hutoka katika kulegea, au katika upungufu wa upepo. Fundi hakusema neno kuhusu hayo. Aliisukuma pikipiki kivulini, akaiacha ipoe, kwa kuwa tairi lililotoka safarini lina joto, na upepo ulio ndani yake hutanuka. Ukiupima wakati huo kipimo hukudanganya.

Wakati huo mjukuu wake, mvulana wa darasa la sita, alirudi kutoka shuleni. Akasalimu, akavua sare, akaja kumsaidia babu yake kama ilivyokuwa desturi yake.

Tairi lilipopoa mvulana akatia kipimo mdomoni pa mpira. Kikasoma paundi 22. Kitabu cha pikipiki ile kilitaka paundi 28 kwa dereva peke yake na 32 akiwa na abiria. Kila mtengenezaji ana hesabu zake, nazo huandikwa kitabuni au katika karatasi iliyobandikwa kwenye pikipiki. Hivyo upepo ulikuwa pungufu sana. Tairi la namna hiyo hulala ubavuni katika kona, na nyuma huyumba kweli.

Kabla ya tairi la upepo kubuniwa jambo hili halikuwako. Robert William Thomson, Mskoti, aliandikisha wazo la tairi la upepo mwaka 1845, watu wakalisahau. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, akaliandikisha upya, baada ya kumtengenezea mwanawe mipira ya upepo kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Tangu hapo upepo ni sehemu ya gurudumu kama chuma kilivyo, ila hauonekani ukipungua.

Mvulana akapiga pampu mpaka 32. Kijana akaijaribu pikipiki polepole mpaka njia panda na kurudi. Akasema, "Imepungua kuyumba, lakini haikuacha."

"Nilidhani hivyo," akasema fundi.

Wakaisimamisha juu ya stendi ya katikati, gurudumu la nyuma likawa hewani. Mvulana akalizungusha taratibu, na fundi akachutama nyuma yake akitazama. Karibu na ukingo wa rimu kila tairi lina mstari mwembamba ulioinuka, unaolizunguka lote. Tairi likikaa vizuri katika rimu, nafasi kati ya mstari huo na rimu huwa sawa pande zote. Mahali unapozama, tairi halikukaa. Mstari huu ulikuwa sawa. Fundi akapitisha kiganja ubavuni akitafuta uvimbe, maana uvimbe ni dalili ya nyuzi zilizokatika ndani, na tairi la namna hiyo halitengenezwi, hutupwa. Hapakuwa na uvimbe, wala ufa, wala msumari. Mvulana akasoma tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka, hivi kwamba 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Hili halikuwa limezeeka, na mifereji yake ilikuwa na kina cha kutosha.

"Tairi lako ni zima," fundi akamwambia kijana. Yule akaigusa fedha mfukoni mwake, asiseme kitu.

Ikafuata rimu. Fundi alichukua kipande cha waya kigumu, akakifunga kwenye uma kwa ukanda wa mpira, ncha yake ikawa karibu sana na rimu bila kuigusa. Gurudumu lilipozungushwa wakaitazama ile nafasi. Ikiwa rimu imepinda, nafasi hupanuka na kufinyika. Watengenezaji wengi huruhusu milimita 2 tu. Hii ilicheza kama milimita 1. Jaribio hili mtu aweza kulifanya nyumbani kwa baiskeli iliyopinduliwa. Hata kijiti cha fagio kinatosha.

Mvulana akachukua spana ndogo, akagonga spoki moja moja, zote 36. Spoki iliyokazwa hutoa sauti nyembamba ya kulia. Iliyolegea husikika kama ukuni. Mbili zilikuwa na sauti ya ukuni. Spoki hufanya kazi kwa kuvuta, si kwa kusukuma: ukiishika moja mkononi waweza kuipinda, lakini huwezi kuivuta hata ikakatika. Zile za kulia huivuta rimu kulia, za kushoto huivuta kushoto, na kwa mashindano hayo rimu husimama katikati. Za upande mmoja zikilegea, rimu hukimbilia upande wa pili. Kwa hiyo hukazwa kidogo kidogo, robo ya mzunguko kila mara, na rimu hutazamwa tena. Pikipiki nyingi za siku hizi zina gurudumu la kumimina lisilo na spoki. Hilo likipinda, spana ya spoki haina kazi.

Mvulana akazikaza zile mbili. Akauliza, "Babu, ndizo hizi?"

"Spoki mbili katika 36 hazimtikisi mtu hivyo. Njoo ushike hapa."

Fundi akamwekea mkono mmoja juu ya tairi na mmoja chini, akamwambia avute wa juu na kusukuma wa chini, kisha abadilishe. Gurudumu likacheza, na ndani ikasikika sauti: ka, ka, ka. Kijana akasogea.

Hapa ndipo mafundi wenye haraka hukosea, kwa sababu vitu viwili tofauti hutoa mchezo huo huo. Uma wa nyuma hupanda na kushuka juu ya bushi zilizoko fremuni. Bushi zikiisha, uma wote huyumba na kulichukua gurudumu pamoja nao. Beringi zikiisha, uma hutulia na gurudumu hucheza peke yake. Mikono haiwezi kuyatenga mambo haya mawili, macho huweza. Fundi akaushika uma kwa mikono yote miwili, kidole gumba kikiwa pale unapokutana na fremu, na mvulana akatikisa tena. Uma haukusogea hata kidogo. Gurudumu likasema ka, ka.

Fundi akatia spana katika nati ya ekseli. Haikuhitaji nguvu. Ilizunguka kwa vidole viwili.

"Nani aliyeiacha nati hivi?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya upole.

"Yule aliyetia beringi mara ya pili. Alisema ikikazwa sana gurudumu halizunguki."

Fundi akanyamaza. Kisha akaikaza nati barabara, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likaenda nusu ya mzunguko, likasimama. Akailegeza, likazunguka laini kabisa. Akaikaza, likasimama. Alifanya hivyo mara tatu, mpaka kijana na mvulana wote wakawa wanatazamana.

"Gurudumu zima halijali nati," akasema. "Likazwe, lizunguke. Hili lina kitu kilichopungua ndani."

Wakalegeza mnyororo, wakafungua breki, wakachomoa ekseli, gurudumu likatoka. Fundi akatia kidole ndani ya beringi na kuizungusha. Ilikwaruza kama mchanga kati ya mawe. Beringi ni pete mbili za chuma, ya ndani na ya nje, na kati yake gololi zinazobingirika katika mfereji. Philip Vaughan wa Wales aliandikisha beringi ya gololi kwa ekseli za magari ya farasi mwaka 1794, na hata leo mambo ni yale yale: pete ya ndani hukaa imara juu ya ekseli, pete ya nje huzunguka na gurudumu, na gololi huzuia zisisuguane.

"Basi kumbe ni beringi!" akasema kijana. "Nakwenda kununua."

"Mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Beringi haifi kila baada ya miezi miwili, mwanangu. Hizi zimeuawa. Ukitia nyingine sasa, nazo zitauawa."

Akaigonga beringi moja itoke, akampa mvulana kitovu. "Chungulia. Waona nini katikati?"

"Sioni kitu, babu. Ni tupu."

"Hapo panapasa kuwa na bushi ndefu, bomba la chuma lenye urefu sawasawa na nafasi iliyo kati ya beringi hizi mbili."

Kazi ya bomba hilo yaeleweka kwa mlango. Miimo miwili ya mlango ikibanwa kutoka nje, kizingiti kilicho kati yake huizuia isikaribiane. Ukikiondoa, miimo huinama ndani. Nati ya ekseli hubana kwa nguvu nyingi sana. Nguvu hiyo hutoka katika uma, huingia katika pete ya ndani ya beringi ya kwanza, hupita katika bomba, huingia katika pete ya ndani ya beringi ya pili, hutokea upande wa pili wa uma. Vyote huwa kama nguzo moja ya chuma, na gololi hazibanwi hata kidogo. Bomba lisipokuwapo, pete za ndani husukumwa kuelekeana, ilhali pete za nje zimezuiwa na kitovu. Gololi hupanda ukingoni mwa mfereji, zikabanwa pale. Gurudumu huwa zito, beringi hupata moto na kuharibika upesi. Dereva akiona gurudumu zito hulegeza nati, na nati iliyolegea yaweza kutoka yote barabarani.

Bomba lilipotelea wapi? Bila shaka siku zilipogongwa beringi za kwanza. Likatoka likaanguka mchangani, na aliyezitia mpya akaona gurudumu linafungika hata bila ya kitu hicho, akadhani hakina kazi.

Mvulana akasema, "Babu, tukate bomba la maji."

"Likizidi au likipungua kidogo tu tumefanya ubaya mwingine. Na aende dukani na beringi moja mkononi, aitaje pikipiki yake kwa jina na mwaka wake, atafute lenyewe."

Duka la kwanza halikuwa nalo. La pili halikuwa nalo. La tatu lilikuwa na kitovu kikuukuu cha pikipiki ya aina ile ile, na bomba likiwa ndani. Kijana akarudi saa kumi na moja jioni, jasho likimtoka, na bomba na beringi mbili mpya zikiwa mikononi; bei yake yote haikufika nusu ya fedha aliyokuja nayo.

Fundi akapaka grisi. Beringi ya kwanza aliigonga mpaka ikakaa chini kabisa, akigonga pete ya nje tu kwa kipande cha chuma chenye upana wake. Anayegonga pete ya ndani huziumiza gololi kabla hazijafanya kazi. Akatia bomba. Akaigonga beringi ya pili mpaka pete yake ya ndani ikaligusa bomba, wala hakuongeza pigo. Gurudumu likarudishwa. Alama za kurekebishia mnyororo zilitazamwa pande zote mbili, ziwe nambari moja, maana zikitofautiana gurudumu hukaa mshazari na pikipiki huvutwa kando. Mkono unaoizuia sahani ya breki isizunguke ukafungwa, na bolti yake ikakaguliwa mara mbili. Kisha nati ikakazwa kwa nguvu zote.

"Zungusha," fundi akamwambia kijana.

Akazungusha. Gurudumu likaenda, likaenda, mpaka mvulana akaacha kuhesabu. Akalitikisa juu na chini: kimya.

Kijana akavaa kofia ngumu, akaijaribu peke yake uwanjani, polepole kwanza, akipima breki. Aliporudi fundi naye akavaa kofia, akapanda nyuma bila kuambiwa. Wakaenda mpaka reli na kurudi, wakikata kona kila upande. Mzee alipokuwa akishuka akasema, "Kesho, ukiisha kupanda kama kilomita tano, simama, ukiguse kitovu kwa mkono. Kipime wakati wa kupanda, kabla ya kutumia breki sana, kwa maana breki nayo hukitia moto. Kikiwa cha moto, rudi. Mletee dada gari."

Asubuhi saa kumi na mbili ukungu ulikuwa bado mitini. Kijana akapanda milima akiwa peke yake, akisikiliza kwa kiuno kuliko kwa masikio. Penye daraja dogo akazima injini, akashuka, akavua glavu, akainama. Kitovu kilikuwa baridi, na kilikuwa na umande. Akaivaa glavu tena, akawasha, akaendelea kupanda.